Woka, mkeka au kigari cha seremala: kipi kinamsaidia mtoto kutembea?

Maduka mengi ya vitu vya watoto Kikuubo, Owino na Nakawa, masoko ya Kampala, yanauza kile kigari cha plastiki chenye magurudumu madogo, kiti cha kitambaa katikati na sinia ya vitufe vya muziki mbele. Wauzaji wanakiita woka. Ukiuliza kazi yake utaambiwa kinamfundisha mtoto kutembea haraka. Hiyo si kweli, na mzazi anayetoa pesa yake anastahili kuelezwa kwa nini. Hapa tunaitathmini woka kwa urefu, kisha tunaangalia vitu vitatu ambavyo vinafaa kuliko hicho: mkeka, uzio wa mbao, na kigari cha kusukuma ambacho seremala yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kukutengenezea. Bei hatuandiki, maana Kampala bei inategemea duka na ulimi wako.

Kwanza tuangalie mwili wenyewe unavyokwenda. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha vipindi ambavyo karibu watoto wote hufikia kila hatua. Kukaa bila kushikwa ni kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama kwa kushikilia kitu, miezi 4.8 hadi 11.4. Kutambaa kwa mikono na magoti, 5.2 hadi 13.5. Kutembea kwa kushikilia, 5.9 hadi 13.7. Kusimama peke yake, 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake, 8.2 hadi 17.6.

Tazama jinsi vipindi hivyo vilivyo vipana. Mtoto anayetembea akiwa na miezi 9 na yule anayeanza akiwa na miezi 17 wote wako sawa, na mama wa yule wa pili hana sababu ya kukimbilia dukani kwa sababu jirani amesema neno. Hata kutambaa si lazima kufuate njia moja: katika utafiti huohuo asilimia 4.3 ya watoto hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wengine husota kwa makalio, wengine hujivuta kwa tumbo, wakasimama na kuondoka.

Uganda ina historia yake katika elimu hii. Miaka ya 1950 Marcelle Geber, mtafiti kutoka Ufaransa, alipima watoto wachanga Kampala akaona kwamba kimwili wako mbele ya watoto wa Ulaya wa umri uleule. Waliokuja baadaye walibishana naye kuhusu vipimo vyake. Miaka ya 1970 watafiti Philip na Janet Kilbride walieleza jinsi mama wa Buganda wanavyomzoesha mtoto kukaa mapema, kwa sababu mtoto anayekaa wima akawatabasamia wageni ni fahari ya nyumba. Kwa hiyo malezi yana mkono katika kasi ya mtoto. Lakini mkono huo ulikuwa wa mama, mapaja yake na mkeka wake. Magurudumu hayakuwamo.

Woka

Kabla ya kulipa, ichukue woka uigeuze juu chini pale dukani. Utaona fremu ya plastiki ya duara au ya mraba, magurudumu 6 hadi 8 yanayozunguka kila upande, na pengine vipande vya mpira vilivyobandikwa katikati ya magurudumu. Vipande hivyo ndivyo breki. Kazi yake ni kugusa sakafu na kung'ang'ania pale gurudumu linapotumbukia ukingoni mwa ngazi au baraza. Vibonyeze kwa ukucha. Mpira ukiwa mgumu kama plastiki hautashika kitu, na ukiona gundi imeanza kuachia pembeni ujue hautamaliza mwezi. Woka nyingine hazina breki kabisa, zina alama tu ya mahali zilipotakiwa kuwa.

Halafu tazama kiti. Kitambaa kinapita katikati ya mapaja na kuubeba uzito wote wa mtoto. Hapo ndipo kosa lilipo. Kutembea ni kazi ya kubeba uzito wako mwenyewe mguu mmoja hadi mwingine bila kuanguka, na anayebeba uzito huo ni misuli ya makalio, mapaja na kiuno. Kwenye woka misuli hiyo imepewa likizo. Mtoto anasukuma sakafu kwa ncha za vidole, magoti yamekunjika, kiuno kimelegea mbele. Misuli ya vigimbi inakazana, ya makalio inalala. Tena sinia imemzuia kuona miguu yake, kwa hiyo macho hayajifunzi kulinganisha hatua na sakafu. Na kwa kuwa hawezi kuyumba, hajifunzi kujirudisha anapoyumba.

Kuyumba na kuanguka ndiyo masomo yenyewe. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Karen Adolph na wenzake walichapisha hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza wanavyotaka: kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Kila anguko dogo la kukalia makalio linamwambia mtoto kitu kuhusu uzito wake. Woka inamnyima yote hayo.

Na matokeo? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwafuata watoto 109, na waliotumia woka walikaa, wakatambaa na kutembea baadaye kuliko ambao hawakutumia. Mwaka 2002 watafiti wa Ireland walionesha kwamba kwa kila saa 24 za jumla ambazo mtoto alikaa ndani ya woka, kusimama peke yake kulichelewa kwa siku 3.7 na kutembea peke yake kwa siku 3.3. Saa 24 ni rahisi kuzifikisha: dakika 45 kwa siku, kwa siku 32, zimetimia. Tafiti za aina hii hazithibitishi kwamba woka ndiyo sababu pekee, na mtoto aliyechelewa wiki mbili hajaharibikiwa. Lakini ahadi iliyokutoa pesa ilikuwa kuharakisha, na kuharakisha hakuonekani popote.

Kinachotutia hofu zaidi ni majeraha. Mtoto ndani ya woka anaweza kwenda karibu mita 1 kwa sekunde moja. Mama akigeuka kuchota maji, ndani ya sekunde 3 mtoto ameshavuka chumba kizima cha kupanga. Nyumba nyingi zetu zina sigiri ya mkaa mlangoni au barazani, sufuria imekaa juu bila kushikwa, chupa ya chai iko sakafuni au kwenye meza fupi. Mtoto anayetambaa anakwenda polepole na mkono wake unafika chini tu. Ukimweka kwenye woka umempa mwendo, na umemnyanyua hadi mkono unafika kwenye mpini wa sufuria, ukingo wa kitambaa cha meza na waya wa birika. Baraza za saruji zina ukingo, na chini ya ukingo mara nyingi kuna mtaro. Gurudumu dogo likikwama kwenye kizingiti, fremu inasimama ghafla lakini mwili unaendelea, na kwa umri huo kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hiyo ndicho kinachotangulia.

Marekani, ambako vifaa hivi hukaguliwa kwa kanuni, watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walitibiwa hospitalini kati ya 1990 na 2014 kwa majeraha ya woka. Karibu robo tatu yao waliporomoka ngazi, na zaidi ya asilimia 90 waliumia kichwa au shingo. Kanada ilipiga marufuku woka mwezi Aprili 2004: kuagiza, kuuza, kutangaza, na hata kuuza iliyotumika. Mtu wa Kampala anayenunua woka ya mtumba Owino ananunua kitu ambacho Toronto hakiruhusiwi kuuzwa hata mnadani.

(Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, yai, siagi na unga vinazidisha jeraha na kumsumbua mhudumu anayetakiwa kuliona.)

Vitu vidogo vya kuangalia, kwa anayesisitiza: mlango wa betri lazima ufungwe kwa skrubu. Betri ndogo za duara, zile kama kifungo, zikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Fremu inayokunjika kwa umbo la mkasi hubana vidole. Kitufe au kipande chochote kinachong'oka na kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto. Plastiki iliyoanikwa juani dukani kwa miezi hukakamaa na kupasuka kwa kingo kali.

Tunajua kwa nini watu wanainunua hata hivyo. Mama ana kibanda cha nyanya au cherehani, yaya hayupo, na anahitaji mikono yake miwili kwa nusu saa. Hilo ni hitaji la kweli na si uvivu. Ila linatimizwa vizuri zaidi na kitu kisichotembea, na tutafika kwenye uzio baada ya muda mfupi.

Vile viti vya plastiki laini vya kumkalisha mtoto sakafuni, vyenye matundu mawili ya miguu, tuviseme kwa sentensi moja: vinamshika wima mtoto ambaye kiuno chake bado hakijawa tayari, na beseni pana lililozungushiwa shuka na mto linafanya kazi hiyohiyo bila gharama, mradi mtu yupo karibu na halina maji.

Mkeka

Kati ya vyote, hiki ndicho tunachokipa alama za juu. Mtoto anahitaji uso mgumu kiasi, mpana, safi, usioteleza. Godoro halifai, kwa sababu mkono na goti vinazama na mtoto anashindwa kujisukuma. Sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa nta nyekundu inateleza, hasa mtoto akiwa amevaa soksi.

Mkeka wa ukindu uliosukwa kwa kubana ni mzuri kuliko watu wanavyoufikiria. Unashika goti, haupati joto, unakunjwa, unaanikwa. Chagua wa mita 1.5 kwa 2 au zaidi, maana mtoto anayejiviringisha anaumaliza mkeka mdogo kwa mizunguko miwili. Pitisha kiganja uso wote dukani: ukindu uliokatika huacha miba inayochoma viganja na magoti. Tatizo lake la pili ni kingo, ambazo zikifumuka mtoto huvuta nyuzi na kuzitia mdomoni. Mwambie fundi azungushie kitambaa cha pamba ukingo mzima kabla hujautumia. Juu ya saruji, tandika blanketi moja jembamba chini yake. Mkojo uoshe kwa maji na sabuni siku hiyohiyo na uanike juani pande zote mbili, la sivyo unaota ukungu katikati ya misuko.

Mikeka ya sponji ya vipande vinavyoshikamana, yenye herufi na wanyama, inauzwa kwa wingi. Inalinda kichwa kuliko ukindu, na unene wa sentimita 1 au zaidi ndio wa kutafuta. Lakini zile herufi za katikati zinatoka, na mtoto wa miezi 8 ataziuma mpaka zimegwe. Ukinunua, chagua vipande visivyo na herufi za kutoa. Kama harufu ya kemikali ni kali, ianike nje kwenye upepo siku kadhaa kabla ya kumlaza mtoto.

Jinsi ya kuutumia ni muhimu kuliko aina yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye bado hajaanza kujongea alazwe kwa tumbo, akiwa macho, angalau dakika 30 kwa siku, na asikae amefungwa mahali pamoja zaidi ya saa 1 kwa mfululizo. Kufungwa huko ni pamoja na kitini na mgongoni. Kumbeba mtoto mgongoni kuna faida zake, joto na usikivu wa sauti ya mama, na hatusemi uache. Ila baada ya saa moja mshushe, mkeka uwepo, ajinyooshe. Dakika 30 zigawe: dakika 3 hadi 5 kila anapoamka na kila baada ya kubadilishwa nepi. Asilazwe kwa tumbo akiwa ametoka kunyonya, atacheua. Mtoto akilia akiwa kwa tumbo, kunja kanga ndogo uiweke chini ya kifua, mikono ikiwa mbele yake, na lala naye uso kwa uso.

Akianza kukaa, weka kitu cha kuvutia sentimita 20 hadi 30 nje ya mkono wake, upande, si mbele tu. Mfuniko wa sufuria ndogo, kikombe cha plastiki, gunzi safi la mahindi. Kwa kukinyemelea atazungusha kiuno, ataweka kiganja chini, na siku moja goti litafuata. Akianza kujivuta asimame, leta kigoda kizito cha sentimita 35 hadi 40 kwenda juu. Kigoda chepesi kitamwangukia. Akishazoea kukizunguka kwa kushikilia, leta cha pili, acha nafasi ya sentimita 15 kati yake, kisha baada ya siku kadhaa ongeza hadi 40. Ile hatua ya kuachia kimoja na kukikamata cha pili ndiyo mlango wa kutembea.

Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa akitembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala, akitazama mama na watoto wao. Alichokiona ndicho utakachokiona kwenye mkeka wako: mtoto anatambaa kuondoka kwa mama, anachunguza kitu, anageuka kumtazama, anarudi kumgusa, kisha anaondoka tena mbali zaidi. Mwili na moyo vinajifunza pamoja hapo. Kwa hiyo usiweke mkeka chumba kingine. Uweke pale unapokaa.

Ndani ya nyumba mtoto awe pekupeku, vidole vishike sakafu. Nje ni jambo jingine: kwenye udongo wa karibu na choo kuna minyoo ya safura inayopenya ngozi ya mguu, na penye vumbi kuna funza. Huko avae kiatu chenye soli nyembamba inayokunjika pale vidole vinapoanzia. Sakafu ya udongo inyunyizie maji kabla ya kufagia.

Uzio wa mbao

Huu ndio mbadala wa woka kwa mama mwenye kazi. Fremu nne zenye urefu wa mita 1.2 kila moja, kimo cha sentimita 60 hadi 65, zimeunganishwa kwa bawaba ili zikunjwe. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, kwa sababu ikizidi hapo mwili wa mtoto hupita na kichwa hukwama. Fito zisimame wima. Zikilazwa, mtoto anazipanda kama ngazi. Usiuweke chini ya dirisha lenye kamba ya pazia wala karibu na sigiri, na usitie ndani sanduku au mto mkubwa atakaoukanyaga avuke. Nusu saa ndani yake na vyombo viwili vitatu vya kuchezea, basi.

Kigari cha kusukuma

Hiki mtoto hakai ndani yake. Anasimama nyuma yake, anashika mpini, anabeba uzito wake mwenyewe. Kinafaa kuanzia pale anapoweza kujivuta na kusimama akishikilia kitu, kwa wengi kati ya miezi 9 na 13. Kabla ya hapo hakina kazi.

Vya plastiki vya dukani ni vyepesi mno. Mtoto akiegemea mpini, gurudumu la mbele linanyanyuka au kigari chote kinakimbia, naye anabaki amelala kifudifudi. Nenda kwa seremala, Bwaise, Nsambya, Ndeeba au wa mtaani kwako, na umpe vipimo hivi usiondoke mpaka aviandike.

Sanduku: urefu sentimita 45, upana 38, kina 15, mbao ya musizi au plywood ya milimita 18. Mpini: kimo cha sentimita 45 kutoka sakafuni, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja ana urefu wa kati ya sentimita 74 na 76 hivi, na mpini unatakiwa uwe kati ya kitovu na kifua chake. Unene wa mpini sentimita 2 hadi 2.5, mviringo. Magurudumu: kipenyo sentimita 8 hadi 10, yaelekee mbele tu, yasizunguke pembeni.

Jambo ambalo maseremala wengi hulikosea ni mahali pa gurudumu la nyuma. Linatakiwa liwe chini kabisa ya mpini au nyuma yake kidogo. Likiwekwa mbele ya mpini, uzito wa mtoto unageuka kuwa nguvu ya kupindua. Kasoro ya pili ni ekseli ya chuma kupitishwa moja kwa moja kwenye mbao: baada ya wiki chache tundu linakuwa yai na gurudumu linatetereka. Mwambie atie kipande cha bomba la chuma ndani ya tundu, na waya au nati ya pili ya kuzuia nati ya kwanza isifunguke. Gurudumu la mbao ya musizi likichongwa kwa kipande kimoja hupasuka kufuata nyuzi za mbao, ndiyo maana plywood ni bora hapo. Zungushia kila gurudumu ukanda wa tyubu ya gari, uubane kwa gundi na misumari midogo iliyozama. Ukanda huo unapunguza kasi na kelele kwa pamoja.

Unganisha kwa skrubu. Misumari hulegea kwa kutikiswa na vichwa vyake hutokeza. Piga msasa namba 80, halafu 120, halafu 180, mpaka soksi ya nailoni ukiipitisha isinase popote. Rangi usikubali ile iliyobaki kwenye kopo la karakana. Rangi za zamani na za viwandani huweza kuwa na madini ya risasi, na madini hayo yanaharibu ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo. Acha mbao wazi, au paka vanishi ya maji na uiache ikauke wiki nzima, kwa sababu mtoto ataulamba mpini.

Jaribu palepale karakanani. Tia sandukuni mfuko wa maharage au mchanga wa kilo 4 hadi 5, ulioshonwa. Ning'iniza jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji kwenye mpini: magurudumu ya mbele yasinyanyuke hata kidogo. Kisha weka kipande cha mbao mbele ya magurudumu na usukume mpini kwa nguvu ya wastani. Kikipinduka mbele, sanduku ni fupi au mpini ni mrefu, arudie.

Nyumbani anza na uzito wote. Kama kinamkimbia kwenye saruji, kaza nati za magurudumu au ongeza kilo moja. Akifikisha hatua kumi bila kulalia mpini, punguza uzito kidogo kidogo. Mtembeze kwenye uwanja tambarare, mbali na ngazi na moto, na mtu mzima awe nyuma yake. Dakika 10 mara mbili au tatu kwa siku zinatosha.

Pale ambapo hakuna cha kununua

Hili ndilo linalotusukuma kuandika kwa ukali. Wazazi wengi hununua woka kwa sababu mtoto amechelewa kweli. Ndani ya woka mtoto huyo anaonekana amesimama, anasogea, anacheka, na nyumba nzima inapumua. Miezi inapita huku tatizo limefunikwa, na hiyo ndiyo miezi ambayo matibabu yangefanya kazi kubwa zaidi.

Nenda kituo cha afya, usiende dukani, kama mtoto wa miezi 4 kichwa chake bado kinaanguka. Kama ana miezi 9 hajaweza kukaa. Kama ana mwaka mmoja na miguu haikubali kubeba uzito hata akishikwa. Kama ana miezi 18 hajatembea. Nenda haraka zaidi, bila kusubiri umri wowote, kama miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, kama anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, au kama amepoteza kitu alichokuwa akikiweza. Aliyezaliwa kabla ya wakati mhesabie kuanzia tarehe aliyotarajiwa: wa miezi 11 aliyewahi kwa miezi 2 mpime kama wa miezi 9, na uendelee hivyo hadi atimize miaka 2.

Usisahau chakula. Mtoto mwenye utapiamlo hana nguvu ya kuhangaika sakafuni, na hakuna kigari kitakachompa. Mwombe mhudumu wa afya wa kijiji ampime mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, unaotumika kuanzia miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, apelekwe kituoni siku hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, naye anahitaji kufuatiliwa.

Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kinaweza kukupa rufaa kwa wataalamu wa viungo katika hospitali ya mkoa. Karibu na Kampala, hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi na kituo cha Katalemwa Cheshire Home vinahudumia watoto wenye matatizo ya viungo. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa unanyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, na mtoto akianzishiwa wiki za mwanzo matokeo ni mazuri sana.

Na kama woka tayari iko nyumbani, usimpe jirani wala usiirudishe sokoni. Kata kitambaa cha kiti, ng'oa magurudumu yote, toa betri uzihifadhi mahali pa juu. Sinia ya vitufe, ikiwa mlango wa betri una skrubu na hakuna kinachong'oka, ifungie kwenye fito za uzio kwa kimo cha kifua cha mtoto aliyesimama. Atajivuta asimame ili aibonyeze.